Uzi Uliovutwa kwa Mkono

Wanafunzi waliniita Bibi Buibui. Sikuwakataza, maana jina hilo lilinifichia aibu. Nani angedhani kwamba Bibi Buibui anaogopa buibui?

Nawaogopa hadi leo. Nikimwona mmoja ukutani, natoka kinyumenyume na kufunga mlango. Binti yangu alipokuwa na miaka sita ndiye aliyekuwa akiingia bafuni kabla yangu kuwatoa kwa kikombe. Lakini mimi nilisomea protini, na protini haina miguu. Inaletwa mezani kwangu ndani ya kichupa, ni tone dogo kama machozi, na tone halimtishi mtu.

Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka ishirini na sita. Mchana nilikuwa nikiosha chupa katika maabara ya watu, na jioni nakaa dawati la nyuma na wenzangu waliochoka kama mimi. Kabla ya kila mtihani nilipiga magoti. Shahada ya kwanza niliipata nikiwa na miaka thelathini na minne, udaktari nikiwa na arobaini. Mume wangu alikwisha kuondoka, akisema hakuoa maktaba. Nilimwambia Mungu: nipe jambo moja tu, jipya, lenye jina langu, nami nitajua kwamba hukunichelewesha bure.

Alinipa uzi.

Uzi wa buibui, kwa unene ule ule, una nguvu kuliko chuma, na unavutika kabla ya kukatika. Nyuzi nyingi huvutika kama robo ya urefu wake. Wa buibui wetu ulivutika karibu nusu. Nilitafuta sababu ndani ya tezi zinazotengeneza uzi, nikakuta, zaidi ya protini mbili zinazojulikana, moja ambayo wengine hawakuwa wameieleza. Nikaiita protini ya tatu, nikaandika makala kwamba hiyo ndiyo inayoupa uzi wetu mvutiko. Makala hiyo ilichapishwa miaka kumi na moja iliyopita. Ndiyo maisha yangu. Sina makala nyingine ambayo mtu anaikumbuka.

Uzi wenyewe alikuwa akiuvuta Mzee wa Nzi.

Mzee wa Nzi alikuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na sita. Jina alipewa kwa sababu alifuga nzi wa kulisha buibui, akiwaita kwa mzaha "wanangu wa kambo". Alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, chenye joto, na buibui mia moja katika masanduku ya kioo. Kazi ya kuvuta uzi sisi tunaiita kukamua, kama ng'ombe. Buibui anawekwa kwenye baridi hadi alegee, analazwa chali juu ya sponji, miguu yake inazuiwa kwa vipande vya karatasi na pini, kisha kwa kibano unagusa matundu ya nyuma ya tumbo. Uzi ukitoka unafungwa kwenye kigurudumu, na mashine inakizungusha. Haya yote niliyaandika vizuri sana kwenye makala. Chumba chenyewe nilikuwa nimeingia mara mbili.

Miaka mitatu iliyopita Mzee wa Nzi alistaafu. Alikuja fundi mpya, ikaja mashine mpya, na uzi ukaacha kuvutika.

Mwanzoni nililaumu chakula cha buibui. Kisha nikalaumu joto, kisha unyevu, kisha fundi mpya, maskini, ambaye hakuwa na kosa. Halafu maabara mbili za nje zikaandika kwamba zimefuata maelezo yangu neno kwa neno na uzi unakatika kama nyuzi nyingine zote. Hapo ndipo kamati ya chuo ya kupandisha vyeo ikaniita.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nikipewa uprofesa, ningeongezewa miaka mitano na maabara ingebaki. Nikinyimwa, chumba kinafungwa na kazi yangu inaisha ikiwa na doa.

"Shikamoo, mama," mkuu wa idara aliniamkia mbele ya kamati nzima. Ana miaka arobaini na miwili. Wengine wote alikuwa amewaambia, "Habari za kazi, Profesa."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Watu wakacheka, naye akacheka kwa meno tu.

"Mama, hatukuiti kwa ubaya. Ila matokeo ya uzi wako hayajirudii. Watu wanasema maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

"Niambie wewe, nisije nikajisingizia."

Akaangalia karatasi zake. "Wanasema umepika matokeo."

"Ningejua kupika, mume wangu angekuwa nyumbani mpaka leo."

Walicheka tena, lakini uamuzi haukubadilika. Baada ya wiki sita angekuja mtathmini kutoka nje. Auone uzi ukivutika kwa macho yake, nipate. Asipouona, basi.

Wiki nne fundi mpya alikamua. Buibui arobaini na wawili, na kila uzi ulikatika pale pale kwenye robo. Nilikuwa nikijifungia chumba cha friji, napiga magoti kati ya mitungi ya gesi, namkumbusha Mungu kwamba uzi huu alinipa mwenyewe.

Binti yangu, ambaye ni nesi, alinikuta Jumapili nimekaa na makala yangu mapajani.

"Umemuuliza Mzee wa Nzi?" akasema.

"Nimuulize nini? Jinsi inavyofanyika nimeiandika mimi mwenyewe."

"Umeandika, mama. Umeona?"

Nilimkasirikia. Alikuwa akikunja nguo za mtoto wake, akaendelea kukunja. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, "na wewe mvunguni kuna buibui."

Kesho yake nilikwenda. Mzee wa Nzi alikuwa amekaa barazani kwake, mwavuli uliovunjika umelala mapajani kama kuku anayenyonyolewa. Alikuwa akiushona mbavu.

"Dokta! Umekuja kwa miguu yako? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kaa, usinisimamie kama karani wa sensa. Bado unawaogopa wale wanangu?"

Sikujua kwamba anajua. Nilikaa. Nikamuuliza moja kwa moja mashine ya kukamulia alikuwa akiiweka kasi gani.

"Mashine ipi?"

"Ile ya kuzungusha kigurudumu."

"Ile?" Aliweka sindano kando. "Ile iliungua mwezi wa tatu tu tangu iletwe. Umeme uliruka. Nilikuja mpaka mlangoni kwako kukuambia. Ulikuwa unaandika, hukuinua kichwa. Ukasema, 'Mzee, fanya utakavyoweza, mradi uzi upatikane.' Nikafanya nilivyoweza."

"Ulifanyaje?"

Aliinua mkono wa kulia, akazungusha hewa. "Cherehani ya marehemu mke wangu ilikuwa na mpini mzuri. Nikaufungua, nikaufunga pale."

"Miaka kumi na sita?"

"Kasoro hiyo miezi mitatu."

 Nikamwomba azungushe tena, vile vile, nikavua saa. Akafumba macho. Mkono ukaanza kwenda polepole, na midomo yake ikawa inatembea.

"Unasema nini?"

"Naomba." Hakufumbua macho. "Mzunguko mmoja, mtu mmoja. Namtaja jina, nataja shida yake, ndipo namaliza mzunguko. Watoto saba, wajukuu, wakwe, majirani. Buibui mmoja ananitosha ukoo mzima. Wa mwisho ulikuwa wewe."

"Mimi?"

"Wako ulikuwa mzunguko mrefu. Ulionekana una shida nyingi, na hukuwahi kunisimulia hata moja. Ilinibidi nibahatishe."

Sekunde kumi na mbili kwa mzunguko. Kigurudumu kile kina mzingo wa sentimita tano. Hesabu hiyo haihitaji karatasi. Katika makala nilikuwa nimeandika sentimita mbili kwa sekunde, kama nilivyosoma katika kitabu cha mashine. Mkono wa Mzee ulikuwa ukivuta chini ya nusu sentimita.

"Kumbe uzi ulitaka polepole?" aliuliza nilipomweleza. Akatabasamu. "Haraka haraka…"

"Usimalizie, Mzee."

"Simalizii. Mwisho wake unaujua."

"Kwa nini hukuniambia tena? Miaka yote hiyo?"

Alirudisha macho kwenye mwavuli. "Ungeingia ungeona. Na mimi sikutaka uingie. Ile siku ya kwanza ulitoka humo unatetemeka, nikawaambia wanafunzi Dokta ana malaria. Nikasema huyu mama wa watu, nitambebea hili. Nilidhani nakusaidia."

Mashine ya zamani niliikuta stoo, chini ya viti vilivyovunjika, mpini wa cherehani ukiwa bado umefungwa. Nilimpa fundi mpya ruhusa ya siku mbili. Sikutaka shahidi. Nilivaa glovu jozi mbili, nikaingia chumba cha mwisho wa korido.

Sitaeleza nilivyomtoa buibui wa kwanza. Nilitapika mara moja, kwenye sinki. Alipokuwa amelala chali chini ya karatasi zake, miguu ikiwa imetulia, nilimtazama kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Tumbo lilikuwa na madoa ya manjano ambayo nilikuwa nimeyaeleza katika mihadhara ishirini.

Nilishika mpini, nikafanya kama Mzee. Mzunguko wa kwanza nikamtaja binti yangu. Wa pili, mtoto wake. Wa tatu nikamtaja dada yangu, na nikashindwa kutaja shida yake, kwa sababu hatukuwa tumesemezana tangu mazishi ya mama. Baada ya hapo sikuwa na mtu. Uzi ulikuwa unatoka, buibui amebaki na mita nyingi tumboni, na mimi majina yameniishia. Nikamtaja mkuu wa idara, maana tumeamriwa kuwaombea wanaotuudhi. Mzunguko huo ulikwenda kasi. Iliyobaki nilihesabu tu sekunde.

Uzi ule ulivutika asilimia arobaini na nne. Nililia mbele ya kipimo. Nikasema, asante Mungu, sikupika, mimi si mwongo.

Hapo ningeweza kusimama. Ila shule ya jioni ilinifundisha jambo moja: jibu likikufurahisha, liulize tena. Kwenye kona ya stoo kulikuwa na buibui wa kawaida, wa aina nyingine, aina ambayo tezi zake nilikuwa nimezipima zamani na haina protini ya tatu hata chembe. Nikamtega kwa kikombe, kama binti yangu alivyokuwa akifanya, nikamlaza chali, nikamkamua polepole.

Asilimia arobaini na mbili.

Nilimkamata wa pili, na wa tatu. Ikawa ile ile. Protini ya tatu haikuwa na kazi niliyoiandikia. Mvutiko ulikuwa wa mkono. Mwaka hadi mwaka nilikuwa nikichambua tone ndani ya kichupa, kumbe nilichokuwa nakipima ni mzee mmoja anayeombea wajukuu zake.

Nilijipa moyo kidogo: basi, angalau kasi ndiyo ugunduzi. Nikafungua faili la makala za watu nilizosoma kabla ya kuandika yangu. Ilikuwa humo. Makala fupi ya watu nisiowajua, iliyotoka miaka miwili kabla ya yangu, inasema wazi kwamba uzi ukivutwa polepole unavutika zaidi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu, nilikuwa nimeandika: haituhusu.

Siku tatu nilisali. Sikuuliza lipi ni kweli. Kweli nilikuwa nayo ndani ya visanduku viwili. Kimoja kilikuwa na nyuzi za buibui wetu, kingine nyuzi za buibui wa stoo. Nilichoomba ni ruhusa ya kuacha kisanduku cha pili kabatini. Jibu halikuja, na mimi najua Mungu akinyamaza hivyo ana maana gani.

Siku moja kabla ya mtathmini, mkuu wa idara alikuja kuona. Nilimwonyesha uzi wetu ukivutika. Alipiga kofi moja, kwa furaha ya kweli.

"Mama! Umetutoa kimasomaso. Kesho mwonyeshe huu."

"Na hiki?" Kisanduku cha pili kilikuwa mezani, kimeandikwa.

Alisoma maandishi. Ni mwanakemia mzuri. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Kisha akakigeuza kisanduku, maandishi yakatazama ukuta.

"Mimi sijasoma kitu," akasema. "Mgeni amekuja kuona kama uzi wako unavutika. Unavutika. Usimchoshe na mengine. Miaka mitano, mama. Idara nzima itakaa kivulini mwako."

Alisema kwa upole. Ningependa kuandika kwamba alinitisha, ingekuwa rahisi kwangu.

Mtathmini alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo yangu, mwenye kikoba cha kushonea kilichojaa kalamu. Alishika mpini mwenyewe, kisha akaufunga uzi kwenye kipimo. Alitazama uzi ukivutika, ukivutika, kipimo kikipanda. Uzi ulipokatika alivua miwani, akanipa mkono.

"Hongera, Profesa."

Ndiye mtu wa kwanza kuniita hivyo. Nililiacha neno likae pale, muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikaweka kisanduku cha pili mbele yake. Mkuu wa idara aliangalia dirishani.

"Huyu ana protini yako?" mtathmini akauliza alipomaliza kupima.

"Hana."

"Na uzi unavutika."

"Karibu sawa."

"Nyuzi za makala ya kwanza alivuta nani?"

"Fundi wangu. Kwa mpini huu wa cherehani."

"Uliandika mashine."

"Niliandika mashine."

"Hukuwa unajua?"

"Sikuwa naingia chumba kile."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Hakukusudia kucheka. Ilimtoka tu, kama chafya, akaziba mdomo na kuniomba radhi. Lakini mkuu wa idara naye kicheko kikamtoka, na fundi mpya mlangoni, na kufikia saa sita mchana jengo zima lilikuwa linajua. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Bibi Buibui.

Barua ya kamati ilinipongeza kwa uadilifu katika sentensi ya kwanza, ikaninyima uprofesa katika ya pili. Chumba cha mwisho wa korido kilihitajika kwa kompyuta. Buibui waliwekwa kwenye friza, sanduku kwa sanduku, ndivyo utaratibu unavyotaka. Nilisimama pale hadi la mwisho.

Jambo moja nililifanya kwa moyo safi. Niliandikia jarida sahihisho, mistari sita. Ndani yake niliandika jina kamili la Mzee wa Nzi, majina yote matatu, kwamba yeye ndiye aliyevuta nyuzi zote, na kwa mkono. Nilifikiri: miaka yote hiyo sikumshukuru popote, hata chini kabisa ambako watu hushukuru wapiga chapa. Walau sasa. Lilipochapishwa nilimpelekea nakala, nimeitia kwenye bahasha ngumu isikunjike.

Alikuwa barazani. Mwavuli ulikuwa umepona, umesimama wazi kando yake. Alinawa mikono kwanza, akafuta, akapokea karatasi. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kidole kilifika kwenye jina lake, kikasimama.

"Hili ni mimi," akasema.

"Ni wewe, Mzee."

Akarudi kusoma kichwa cha habari. "Na hapa juu wameandika nini? 'Sahihisho la makosa'?"

"Ndivyo wanavyoita. Ni kawaida yao."

"Kwa hiyo mtu akisoma, kosa ni nini?"

Nilifungua mdomo. "Kosa ni langu, Mzee. Mimi ndiye niliye…"

"Wewe jina lako liko wapi?"

Jina langu lilikuwa mwisho, kwa herufi ndogo, mahali pa mwandishi. Katika mistari sita ile mtu aliyetajwa alikuwa mmoja, na kilichosemwa juu yake ni kwamba alivuta uzi isivyoandikwa. Nilikuwa nimeisoma mara ishirini kabla ya kuituma. Nilikuwa nimeiombea.

"Miaka kumi na sita," akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mara ya kwanza naandikwa kitabuni, naandikwa kama kosa. Wajukuu zangu watalitafuta jina hili kwenye simu zao, Dokta. Watakuta hiki." Akaninyooshea karatasi. "Lifute."

"Haliwezi kufutika. Limeshachapishwa."

Aliikunja karatasi mara mbili, hivyo hivyo nilivyoogopa, akaiweka chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinacheza. Akakaa, akajaribu. Kiti kilitulia.

"Utakunywa chai?" akauliza.

"Nitakunywa, Mzee. Asante."

Aliingia ndani. Nilimsikia akiongea na mtu, kisha nikasikia redio. Nilikaa nikiangalia mwavuli. Kivuli chake kilikuwa miguuni pangu, kikasogea hadi ukutani. Nilijaribu kumwombea, jina lake na shida yake, na shida yake ilikuwa mimi. Nikanyanyuka nilipoona wamefunga dirisha. Chai haikuja.